Ile sarafu ya Kigamboni nimeijua sasa

Jamani, ile sarafu niliyoichimba Kigamboni nikashindwa kujua ni ya nani na ya lini, jibu limepatikana. Wiki tatu nzima hiki kitu kilikuwa hakitoki kichwani.

Ilikuwa hivi, mjomba anajenga Kigamboni, nikaona kabla hawajamwaga zege nipite na ditekta, kile kifaa cha kusaka vyuma ardhini, niliyoazima kwa jamaa yangu anayeokotaga pete za watu bichi, ikalia pale chini ya mnazi, nikachimba kama shibiri moja nikatoa kiduara cha shaba, kina kutu ya kijani, kimelika hadi laini kama kifungo. Vijana wa saiti wakauliza palepale, rupia hiyo? inavuta mchele? Nikawaambia rupia ni ya fedha na hii ni shaba, na hizo habari za rupia ya maajabu inayovuta mchele ni utapeli, zinaliza watu, waachane nazo. Binamu yangu akataka aisugue na ndimu na majivu ing'ae. Nikamnyang'anya! Sarafu iliyochakaa ukiisugua unafuta hata kale kaandishi kalikobaki.

Nyumbani nikaiosha kwa maji tu, usiku nikazima taa nikaimulika kwa tochi ya simu kutokea ubavuni, maana mwanga ukija umelala vivuli ndo vinakuchorea. Upande mmoja ni Kiarabu. Kwa rula kama milimita 25. Sasa hapo ndo pagumu, kwa sababu pesa ya Mjerumani, yaani sarafu ya shaba iliyoitwa hivyo, ile ya kampuni yao ya 1890 hadi 1892, nayo ina Kiarabu upande mmoja na ukubwa ni karibu huohuo, ila upande wa pili ina tai. Nikatafuta tai mpaka macho yakauma, hamna. Siku ya nne ndo nikaona kama visahani viwili vinaning'inia. Mizani!

Ila mizani peke yake haitoshi, maana ipo pia kwenye robo ana, visarafu vya shaba, za Bombay za miaka ya 1830, za ile kampuni ya Waingereza ya India, sema zile upande wa pili zina ngao na simba. Mizani huku, Kiarabu kule, basi ni Zanzibar, ni pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar.

Tarehe nikampelekea ustadhi wetu hapa Temeke, akaifuata taratibu kwa ukucha, 1299. Moyo ukanienda mbio, nikajua ni ya miaka mia saba, ya masultani wa Kilwa! Akaniambia mwanangu, hiyo ni Hijria, kalenda ya Kiislamu. Yaani kama 1882. Wajerumani hawajafika Dar bado, na mtu kaidondosha Kigamboni, labda ni hela yake ya chumvi. Na sisi mpaka leo tunasema pesa, pesa, na hii ndo pesa yenyewe nimeishika.

Nimeitia kwenye bahasha ya karatasi, nimeandika mahali na kina. Mjomba anasema zege ni Jumamosi, kwa hiyo kesho alfajiri navuka na pantoni nikapitie tena pale kwenye mnazi.