Ripoti ya asubuhi: jinsi wazee wenzangu walivyonifikisha Mweka

"Shikamooni wakubwa, habari za alfajiri wenzangu. Kimara hadi Ubungo na kurudi, mwendo wa pole. Kisigino cha kulia hakijasumbua. Ngazi nimemaliza. Mvua imetukuta kituo cha Korogwe, njiani."

Ripoti zangu nyingi ziko hivyo. Nina miaka 62, ni karani mstaafu wa Dar es Salaam, na kila siku kabla ya kuoga huwa nawaandikia wenzangu mistari kama hiyo kwenye simu, kisha nasoma ya kwao. Februari 2025 nilikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, zinazopanda barabara ya Mweka kuelekea mlimani. Watu wengi huniuliza nilifanya mazoezi gani, nami nitayaeleza, ila naamini bila zile ripoti mazoezi yenyewe yangekufa mapema. Nimeona watu wa umri wangu wakinunua raba nzuri, wakitoka kwa shauku, na baada ya wiki chache raba ziko chini ya kitanda. Hawakukosa nguvu. Walikosa mtu wa kuwauliza jana ilikuwaje.

Kizazi chetu kilikimbia sana utotoni. Shuleni siku ilianza na mchakamchaka, tena tukiimba. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kila mtoto mtaani kwetu alitaka kuwa Bayi, wasichana tukiwemo. Halafu ikaja kazi, ndoa, watoto, foleni za daladala, na miaka mingi ya kukaa kitini. Nilipokaribia kustaafu, presha ilikuwa juu na daktari akanianzishia dawa. Akaniambia nitembee kila siku.

Tulikutana kwenye benchi la kliniki ya presha. Tulikuwa watu watatu tunaosubiri kuitwa: mimi, mama mmoja anayeuza chapati Mbezi Mwisho, na mzee aliyewahi kufanya kazi reli, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri. Kila mmoja alikuwa ameambiwa atembee, na hakuna aliyekuwa akitembea kama alivyoagizwa. Mzee wa reli akapendekeza tuwe tunaambiana. Reli, akasema, kila stesheni hutoa taarifa treni inapopita, hata kama hakuna lolote la ajabu. Jioni ile ile akatuma ya kwake: ametembea hadi sokoni na kurudi. Wengine wakajiunga mmoja mmoja. Shemeji wa mama wa chapati anaishi Toronto, naye akaomba kuingia. Sisi tukiamka saa kumi na moja alfajiri, kwake ni usiku wa jana na ndiyo kwanza anavua viatu, na wakati wa baridi hutuambia amekimbia juu ya barafu.

Hakuna aliyeandika kanuni, lakini zilijijenga zenyewe. Unaandika ulichofanya kama kilivyo. Kama ulitembea, andika umetembea, wala usiseme umekimbia. Ukipumzika, andika umepumzika, na wenzako wanalipokea hilo kwa uzito ule ule wa kilomita kumi. Kwa watu wa rika letu hili ni jambo kubwa, kwa sababu mwili wa miaka sitini unachukua muda mrefu zaidi kujijenga baada ya kazi nzito, na mtu anayeona haya kupumzika huishia kuumia. Tena anayejibu ripoti lazima aguse kile ulichosema. Anayetuma vidole gumba na "hongera" kwa kila mtu tunampenda, ila hongera ya jumla haimwamshi mtu kitandani. Kinachoamsha ni swali kama hili: "Dada, kisigino cha jana kikoje?"

Kisigino kiliniuma pale nilipoanza kuongeza umbali, ile kano nene inayounganisha kigimbi na kisigino. Kila asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani zilikuwa ngumu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha zoezi lililoenezwa na daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, tangu mwaka 1998. Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, unajiinua kwa miguu yote miwili, kisha unajishusha polepole kwa mguu unaouma peke yake hadi kisigino kizame chini ya ngazi. Mara kumi na tano, raundi tatu, goti likiwa limenyooka, kisha tena raundi tatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki kumi na mbili.

Wiki kumi na mbili ni ndefu kwa zoezi lisilo na raha yoyote, hasa jioni umechoka na taa zimekatika. Hapo ndipo niliwafahamu wenzangu. Yule mama wa chapati alikuwa akiniandikia kila jioni neno moja tu: "Ngazi?" Nami nisingeweza kumjibu uongo mtu anayesimama jikoni tangu saa tisa usiku na bado anakumbuka kano yangu. Maumivu yalipungua taratibu, yakaisha. Mpaka leo naendelea na ngazi mara chache kwa wiki, pamoja na kukaa na kusimama kitini bila kushika popote, kwa sababu misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda na kukimbia peke yake hakuizuii kupungua.

Kuhusu kasi, tuliacha mapema kujipima kwa saa za kuhesabu mapigo. Vijana hutumia ile hesabu ya 220 kutoa umri wako ili kupata mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, ambayo kwangu mwaka ule ilitoa 159. Hata kwa mtu mzima asiyetumia dawa hayo ni makadirio tu. Na wengi wetu tuko kwenye dawa za presha, nyingine, kama atenolol, hupunguza kasi ya moyo wenyewe, kwa hiyo saa itasema umetulia wakati unahema. Daktari alinipa kipimo kingine: niweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Nikishindwa, natembea mpaka niweze. Ndiyo maana tunakimbia wawili wawili. Ni salama zaidi gizani, na ukiwa na mwenzako unayeongea naye, kipimo chako kiko kinywani.

Sasa nieleze siku ambayo kwangu ina uzito kuliko medali. Mzee wetu wa reli aliandika asubuhi moja kwamba amepanda kilima cha Chuo Kikuu, "kifua kimebana kidogo, nimesimama, kimeachia, nikaendelea." Aliandika kwa utulivu, kama mtu anayesema raba zimelowa. Kwa bahati njema ni desturi yetu kusoma kila neno. Hakuna aliyemwandikia kaza buti. Simu zilimiminika kwake, na mmoja wetu anayeishi jirani alikwenda na kumpeleka hospitali kabla hajamaliza kunywa uji. Kifua kinachobana unapojitahidi na kuachia unaposimama ni moyo unaolalamika kwamba haupati damu ya kutosha, na ndivyo walivyokuta: mshipa wa moyo ulikuwa umeziba kwa sehemu kubwa. Alitibiwa, akakaa miezi bila kukimbia, na katika miezi hiyo alituma ripoti kila siku. "Leo nimetembea hadi mlangoni." "Leo hadi kwa muuza magazeti." Tulimjibu kama tulivyokuwa tukimjibu akipanda vilima.

Ndiyo sababu nasisitiza kwa kila mwenye umri wangu anayetaka kuanza: pima presha na sukari, mweleze daktari unachotaka kufanya, na yaandike maumivu ya kifua, kizunguzungu na pumzi isiyo ya kawaida hata kama unaona aibu kuyataja. Kumtia moyo mtu mzima wakati mwingine ni kumwambia, "Mama, leo usitoke," na kumaanisha.

Nilipotangaza kwamba nataka kwenda Moshi, wenzangu hawakushangilia haraka. Waliuliza maswali. Utajiandaaje na vilima? Utafanyaje na joto la Dar? Mbio za Kilimanjaro huwa mwishoni mwa Februari, maana yake maandalizi yenyewe yanaangukia msimu wa kaskazi, Desemba hadi Februari, wakati hewa ya Dar ni nzito na jasho linachuruzika tu. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Basi Jumamosi, siku ya mbio ndefu, tulikuwa tunaanza saa kumi na nusu usiku na kurudi jua likiwa bado changa. Nilibeba maji yenye chumvi na sukari kidogo. Kilomita za Jumamosi ziliongezeka pole pole, na kila baada ya wiki tatu nilizipunguza ili miguu ipumzike. Katikati ya wiki nilitoka siku tatu fupi. Kwa vilima tulichagua barabara ya kutoka Mbezi Mwisho kwenda Goba, inayopanda na kushuka bila huruma, na hapo nilijizoeza jambo nililokusudia kulifanya Mweka: kutembea kwa haraka kwenye mwinuko mkali, mikono ikifanya kazi, bila kusubiri nichoke.

Kulikuwa na wiki nilizokata tamaa. Nilifiwa na dada yangu mwezi Desemba, nikaenda msibani Tanga, na niliporudi sikuwa na hamu ya chochote. Niliandika hivyo hivyo: sina hamu. Shemeji wa Toronto ndiye aliyenijibu kwa urefu. Alinieleza habari za Ed Whitlock, mzee aliyeishi Milton, karibu na Toronto, ambaye mwaka 2004 akiwa na miaka 73 alimaliza marathon kwa saa mbili, dakika 54 na sekunde 48. Nilidhani ataniambia nami niwe kama yeye. Badala yake alinieleza jinsi mzee yule alivyofanya mazoezi: alizunguka njia za makaburini karibu na kwake, taratibu, siku baada ya siku, wakati mwingine hata kwa muda wa saa tatu mfululizo. "Shemeji," akaandika, "zunguka tu nyumba yako leo. Utaniambia." Nikazunguka. Nikamwambia.

Moshi tulikwenda wanne kwa basi. Mbio za kilomita 21 zinapita mjini, kisha zinapanda barabara ya Mweka kuelekea mlimani, katikati ya migomba na kahawa, halafu zinageuka na kushuka hadi uwanja wa Ushirika. Nusu ya kwanza ndiyo kazi. Nilipanda kama nilivyojizoeza Goba, nikikimbia palipolegea na kutembea palipokaza, na vijana wengi walionipita chini niliwakuta juu wameshika viuno. Wakazi walitoka mbele ya vihamba vyao, watoto wanapiga makofi, kina mama wakiniita, "Bibi, endelea!" Mteremko ulikuwa na adha yake, mapaja yanabeba kishindo cha kila hatua, kwa hiyo nilifupisha hatua na kushuka kwa utulivu. Nilimaliza kwa muda wa chini kidogo ya saa tatu. Nilipofungua simu pale uwanjani nilikuta ripoti za waliobaki Dar. Asubuhi ile kila mmoja alikuwa ametoka, hata mama wa chapati, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya biashara kubwa. Mzee wa reli alikuwa ametembea kilomita tatu. Nililia hapo hapo, mbele za watu.

Kesho yake niliandika: "Nimepumzika. Nimetembea hadi stendi." Nikajibiwa kwa heshima ile ile.

Septemba mwaka huo huo tuliamka kwa ajili ya mazoezi tukakuta Alphonce Simbu ameshinda marathon ya mashindano ya dunia Tokyo, wakati sisi tumelala. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa mbili, dakika 9 na sekunde 48, akamzidi kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo! Ripoti za siku hiyo zilikuwa ndefu kuliko kawaida, na sidhani kama kuna aliyekimbia polepole.

Mzee wa reli sasa anakimbia dakika mbili na kutembea moja, kwa idhini ya daktari wake, na ameanza kuzungumzia zile kilomita tano za Moshi. Nilikuwa na mpango wa kurudia 21 na kupunguza muda wangu. Nimeahirisha. Nitakimbia tano pamoja naye, kwa mwendo wake, na wiki hii tumeanza kupanda kilima cha Chuo Kikuu tena, tukisimama kila anaposema tusimame.