Nilivyoweka seva ya barua pepe ofisini bila kununua domeini
Ofisini tuko watu saba, na tulikuwa tunatumiana mafaili kupitia barua pepe za nje huku tumekaa chumba kimoja, bando linaisha hivi hivi. Nikachukua kompyuta ya zamani nikaweka mfumo wa Debian, na programu mbili, Postfix ya kutuma barua na Dovecot ya kusoma, hapo hapakuwa na shida.

Shida ikaja kwenye jina. Niliipa ofisi.local, siku mbili nzima kompyuta zingine zinaiona seva zingine haziioni kabisa, mpaka nikahisi kadi ya mtandao imekufa. Kumbe .local imetengwa kwa ajili ya mDNS, kwa hiyo vifaa vingi haviiulizi DNS (seva inayotafsiri majina kuwa namba za IP), vinaulizana vyenyewe kwa vyenyewe! Nikabadili ikawa ofisi.home.arpa, hiyo imetengwa kwa mitandao ya ndani ya nyumbani na kwa ofisi ndogo inafaa, nikaweka dnsmasq, programu ndogo ya DNS, ijibu hilo jina na IP ya seva nikaifunga kwenye ruta isibadilike. Barua zikaanza kuingia hapo hapo.

Kutuma nje, mtoa huduma amefunga poti 25 ambayo seva hutumiana barua, na barua yenye jina lisilojulikana huko nje inakataliwa tu. Kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, nikaweka relayhost = [smtp.gmail.com]:587 ili barua za nje zipitie Gmail, nikawasha SASL (kuingia kwa pasiwedi) na TLS (usimbaji), nikatumia pasiwedi ya programu (washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili), halafu mpangilio wa smtp_generic_maps ukageuza anwani za ndani kuwa ya Gmail. Majibu yanayofika Gmail, programu ya fetchmail inayavuta kila dakika tano.

Na mynetworks, yaani orodha ya mitandao inayoruhusiwa kutuma kupitia seva, jamani iwe ya ofisi tu, usiache wazi.