Siku Moja Maishani Mwangu: Tarehe 20 Kwenye Kampuni Ndogo ya Matangazo Nairobi

Watu wakisikia nafanya kazi ya matangazo, huwa na mawazo mawili. Wengine hudhani tunalipwa kusema uongo. Wengine hudhani tunashinda kwenye mikahawa ya Westlands na kompyuta mapajani. Nimeendesha kampuni yangu tangu 2016, na nimechagua kuwaonyesha tarehe 20 kwa sababu siku hiyo ya mwezi haina mapambo yoyote.

Saa 11 alfajiri

Naamka Buruburu. Chai, sare za watoto, mlango.

Saa 12 na nusu

Nimepata kiti nyuma ya dereva kwenye matatu ya 58, na Jogoo Road imeshikana hadi City Stadium. Redioni linapita tangazo la kamari. Kijana aliyekaa kando yangu, ovaroli imekunjwa mapajani, anatoa simu na kuanza kubonyeza.

Mwaka 2017 kampuni moja ya kamari ilitujia na kazi ambayo ingelipa kodi ya ofisi mwaka mzima na chenji ikabaki. Tulikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja, na mwezi huo mimi sikuwa nimejilipa. Tulikataa. Tulijua tangazo lile lingemfikia nani: huyu huyu wa ovaroli, asubuhi kama hii, kabla hajajua kama leo atapata kibarua. Aprili 2025, bodi ya serikali iliyosimamia kamari wakati huo iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, niliwasikia wenzangu wa kazi hii wakihangaika bajeti zao zilivyoporomoka. Sisi mwezi ule tulifanya kazi kama kawaida. Niseme wazi kwamba nilijivunia, na bado najivunia.

Saa 2 asubuhi

Ofisi iko Ngara, ghorofa ya tatu, bila lifti. Tuko wanne: dizaina, mwandishi, kijana wa hesabu na mimi. Tunagawana kazi, kila mtu anashika yake.

Saa 3

Sasa niwaeleze tarehe 20. Ukimtumia mteja invoisi ya shilingi 400,000, unaongeza VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, yaani 64,000. Hiyo VAT si yako, ni ya serikali, na inatakiwa kufika KRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. KRA haiulizi kama mteja amekulipa. Invoisi ikishaingia eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, deni limeshasimama. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5 ya kodi hiyo, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Mteja mwenyewe ni kampuni kubwa ambayo mkataba wake unasema italipa baada ya siku 60, na ikilipa itakata asilimia 5 ya ada yetu iipeleke KRA moja kwa moja. Kwa hiyo mdogo anamlipia mkubwa kodi kwanza, halafu anasubiri.

Na kwa invoisi ya mwezi mmoja kabla ya hiyo, hizo siku 60 zenyewe zilishapita bila malipo. Napiga simu.

"Madam, invoisi yenu iko kwa sistimu."

"Nashukuru. Itatoka lini?"

"Imebaki tu kusainiwa. Mwenye kusaini ako nje hadi Alhamisi."

Nimeyasikia maneno hayo kutoka ofisi nyingi za malipo mjini, kwa sauti ile ile ya upole. Anayekujibu hana uwezo wa kukusaidia na anajua hivyo, kwa hiyo huwezi hata kumkasirikia.

Saa 5

Mteja aliyetarajiwa saa 4 anaingia, ni mwalimu mstaafu mwenye suti ya kijivu na mfuko wa nailoni uliojaa pakiti. Anakausha majani ya mlonge kutoka shamba lake la Kibwezi, anayasaga, anauza unga. Ametia kiinua mgongo chake humo. Ameomba maji ya moto, akakoroga kijiko kimoja kwenye kikombe, akatuonjesha sote. Ni unga mzuri, wa kijani kibichi, unanukia majani mapya na si vumbi kama mwingine ninaoujua.

Halafu anatoa karatasi. Kwa mwandiko safi wa ubaoni ameandika anachotaka kwenye lebo: TIBA YA KISUKARI NA PRESHA. HUMALIZA KABISA.

"Mwalimu," nikamwambia, "hilo hatutaweza kuliandika."

"Kwa nini, binti yangu? Mimi mwenyewe nakunywa."

Hapo ndipo saa tatu za siku yangu zilipokwenda. Nilimweleza kwamba mtu mwenye kisukari akisoma neno "humaliza" anaweza kuweka dawa za hospitali kabatini, na kwamba mtu huyo huenda ni mama wa kijijini anayeamini kila kilichochapwa kwa rangi. Akasema lebo kama hizo zimejaa madukani. Ni kweli, zimejaa. Nikamweleza kuhusu Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinacholiagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki, ya ukweli na yenye staha, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 iliyofuata. Akanisikiliza kwa utulivu, kama anavyosikilizwa mwanafunzi anayejitahidi, kisha akasema, "Katiba hainunui unga."

Dizaina akaleta njia nyingine. Akamuuliza mzee anavyofanya kazi, na mzee akachangamka mno. Majani huchumwa asubuhi kabla jua halijapanda. Huoshwa mara mbili, hutandazwa kwenye nyavu ndani ya kibanda, hayaanikwi juani kamwe, maana jua huyageuza rangi. Mkewe ndiye huchambua vijiti kwa mkono. Mwandishi wetu alikuwa ananakili mbio mbio. Tukamsomea: "Mlonge wa Kibwezi. Huchumwa asubuhi, hukaushwa kivulini, huchambuliwa kwa mkono." Kwangu mimi hilo ndilo tangazo. Ni lake peke yake, hakuna wa kumnyang'anya, na kila neno linaweza kukaguliwa na yeyote atakayefunga safari hadi shambani kwake.

Mzee akalitazama kwa muda mrefu. "Nani atanunua kivuli?"

Tukaanza upya. Akapendekeza tuandike "husaidia wenye kisukari". Nikakataa. Akapendekeza tuweke picha ya kipimo cha sukari bila maneno. Nikakataa hilo pia, kwa sababu picha ingesema yale yale. Akatoa simu akanionyesha salio lake la M-Pesa, shilingi 60,000 za malipo ya awali, ziko tayari, atume sasa hivi. Kijana wa hesabu alikuwa ameketi nyuma yangu na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kiasi hicho ni karibu VAT yote ya siku hiyo.

Saa 8 mchana mzee alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akakusanya pakiti zake na kushuka ngazi. Hakuwa na hasira. Chini ya jengo letu, hadi Kirinyaga Road na River Road, kuna watu watakaomchapia karatasi yake kabla jua halijatua. Alituachia pakiti moja mezani, na mimi niliumia kwa sababu unga wake ni mzuri bila uongo wowote.

Saa 9

Sijala. Naelekea Kirinyaga Road kwa wachapaji, kusimamia mabango ya sacco moja, chama cha akiba na mikopo, ya akina mama. Kazi hii naipenda. Sharti letu kwa matangazo ya mikopo ni moja: gharama yote ya mkopo iandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule wa kiasi kinachokopwa. Bango likisema "Pata 50,000", basi "Utarudisha" nayo ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Viongozi wa sacco walisita mwanzoni. Baadaye mwenyekiti wao alisema wanachama wameacha kugombana na karani dirishani, kwa sababu kila mtu anajua anachodaiwa.

Mita ya kwanza ya bango inatoka mashineni na kijani kimekuwa cha manjano. Tunasimamisha. Fundi anasafisha vichwa vya wino, tunajaribu tena, kimekaa. Umeme unapotea. Sote tunakaa kwenye marobota ya vinyl, jasho linatutiririka na harufu ya wino imetanda. Unarudi, lakini mashine imepoteza kazi yote, tunaanza mwanzo. Baada ya hapo sikumbuki vizuri saa ngapi nini kilitokea. Najua giza lilikuwa limeingia fundi alipokuwa akigonga vijipete vya chuma kwenye pembe za bango la mwisho, na kwamba miguu ilikuwa imenivimba ndani ya viatu.

Nilimlipa palepale. Kwetu fundi, mpiga picha na msomaji wa tangazo hulipwa siku wanayokabidhi kazi, mteja awe amelipa au hajalipa. Kabla ya 2016 nilikuwa nachora kama kibarua, na kampuni iliyonipa kazi ilinizungusha miezi mitano nikiwa na mtoto mchanga. Niliapa nikifungua yangu hakuna mtu atakayenifuata kwenye ngazi akiniomba haki yake. Nikitazama nyuma, hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kulishika. Kukataa kamari huamuliwa kikao kimoja tu, lakini kumlipa fundi hurudi kila wiki, na mwaka 2020, korona ilipoingia na wateja wakanyamaza, tulilishika kwa kupunguza mishahara yetu wenyewe, tukianza na wangu.

Usiku

Nyumbani watoto wamelala. Kijana wa hesabu ananipigia, tunaingia iTax, mtandao wa KRA wa kodi, pamoja, yeye kwake na mimi kwangu. Tangu 2020 tunatenga kidogo kutoka kila malipo kwa ajili ya miezi kama hii. Akaunti ile ina 71,000. Tunatoa 64,000. Ujumbe wa kuthibitisha unaingia saa 5 kasoro.

"Madam, sasa tumebaki na elfu saba," ananiambia.

"Tumebaki bila deni la KRA. Lala."

Kesho alfajiri naenda Limuru kupiga picha za ushirika wa maziwa. Alhamisi mwenye kusaini anarudi ofisini, na akifika atanikuta nimeshakaa kwenye mapokezi yao, nakala ya invoisi mkononi.