Mguu mfupi njiani Kaabong

Tairi lilipasuka kilomita kama 40 kabla ya Kotido, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Ingekuwa pancha ya mwiba wa mgunga ningeiziba mwenyewe, vifaa ninavyo. Hili lilichanwa ubavuni na jiwe, nyuma kushoto, mpasuko wa kuingia vidole vitatu, na ubavu ukishachanika hakuna kiraka cha kukiamini. Nikaliegesha gari kando ya barabara, nikashuka, na kabla hata sijatoa jeki moyo ulishaanza kunidunda, maana nilijua nini kimening'inia chini ya bodi.

Tulitoka Bukoba siku tatu kabla, mimi na mdogo wangu, katika Land Cruiser mkonga yenye namba za Tanzania. Mutukula, Masaka, Kampala, kisha Jinja, Mbale, Soroti, na usiku wa tatu tukalala Moroto, mlima wake wa mita 3,083 ukiwa umetuinamia. Hadi hapo ni lami. Kutoka Moroto kwenda kaskazini ni changarawe, na mwezi wa kiangazi ina mawimbi kama bati la paa. Nyuma tulibeba vyerehani viwili vya dada yetu, aliyeolewa Kaabong, na mchele wa kutosha kumlisha yeye na majirani.

Miezi michache kabla ya safari nilikuwa nimebadilisha matairi. Ya zamani yalikuwa 265/70R16, nikaweka 285/75R16 ili gari lisimame juu kidogo na kupita penye mawe bila kusuguliwa tumbo. Nilinunua manne. Muuzaji aliniambia la akiba ni la dharura tu, halina haja ya kulingana na mengine, na kweli lile kubwa halikuenea kwenye nafasi yake chini ya bodi. Nikamwamini kwa sababu ya bei. Tairi la tano lilikuwa pesa ya ada ya mtoto, na wakati ule sikuona sababu.

Jeki ilizama kwenye vumbi mara mbili, tukatafuta bapa la jiwe la kuiwekea chini. Tulipolishusha gari, mdogo wangu alirudi nyuma hatua kadhaa, akaliangalia.

"Kaka, limechutama upande mmoja."

Lilikuwa limechutama kweli. Tairi kubwa lina kipenyo cha sentimita 83 na kitu, dogo karibu 78, kwa hiyo kona ile ilikuwa chini kwa karibu sentimita tatu. Lakini hicho ndicho kidogo katika yote. Macho huona gari limeinama, hayaoni kinachoendelea ndani ya ekseli.

Nikafanya kosa la pili. Barabara ilikuwa mbaya, nami kwa mazoea nikafunga habu za mbele, vile vifungio vinavyounganisha magurudumu na ekseli, na kuingiza fowili ili yote manne yavute, nikidhani namsaidia mlemavu. Baada ya kilomita chache usukani ukawa mzito kama nakoroga ugali wa watu ishirini. Gari likawa linavuta kwa kujikaza, na nilipotaka kuirudisha fimbo kwenye magurudumu mawili ikagoma kutoka. Nikasukuma, nikavuta, wapi. Ilinibidi nirudi nyuma mita kadhaa ndipo ikaachia kwa kishindo nilichokisikia kwenye nyayo. Sehemu iliyobaki tulikwenda taratibu sana, na kila baada ya kilomita kumi nilisimama, nikajiingiza chini na kugusa kwa kiganja bakuli la difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Lilikuwa la moto. Sikujua kama ni la moto kupita kiasi, maana sikuwahi kuligusa siku nyingine kabla.

Gereji ya Kotido ilikuwa ni mti, pipa mbili na kontena lenye vyuma. Fundi alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumshika, na Kiswahili chake, alivyotuambia baadaye, alikipata Lodwar, upande wa Kenya, alikofanya kazi ujanani.

"Karibu, Tanzania," alisema baada ya kusoma namba ya gari. Hakuuliza tumelalaje wala tunakwenda wapi. Alikuwa ameshachuchumaa nyuma. "Mbona mguu mfupi umeuweka huku?"

"Ndiko lilikopasuka, mzee."

"Sawa. Lakini nani alikuambia mguu mfupi ukae palipopasuka?"

Akachukua kamba ya katani, akaizungusha tairi kubwa juu ya kashata zake, pale mpira unapokanyaga ardhi, akapiga fundo pale ncha ilipokutana. Akaizungusha tena kwenye lile dogo. Fundo likapita, ikabaki kamba ya ziada ambayo aliinyoosha mbele ya uso wangu, inapungua shibiri kidogo tu. Nimepiga hesabu baadaye kwa vipimo vya matairi yenyewe: kubwa lina mzingo wa sentimita 262, dogo 244. Kwa kila kilomita, dogo linazunguka mara 28 zaidi ya mwenzake wa upande wa pili. Kwa kilomita zangu 40 ni zaidi ya mizunguko 1,100.

Na mizunguko hiyo lazima impate wa kuibeba. Ndani ya difu mna meno madogo ambayo kazi yake ni kona: gari likikata kushoto, gurudumu la kulia linakwenda njia ndefu zaidi, na yale meno yanazunguka kuwapa nafasi. Barabara ikinyooka yanapumzika. Mimi niliyaweka kwenye kona isiyoisha kutoka kule porini hadi Kotido, tena na mzigo mgongoni. Ile fowili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Katika gari la aina hii, fowili ikiingia ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinatakiwa zizunguke sawa, na yangu ya nyuma ilikuwa imeshaharibiwa hesabu. Kwenye mchanga au tope gurudumu huteleza kidogo na mkazo ukaisha. Kwenye ardhi ngumu hauna pa kutokea, unabaki kwenye vyuma. Ndiyo maana fimbo iligoma.

"Difu yako ni ya kawaida au ya kubana?" fundi aliuliza.

Sikujua. Nililinunua gari hili mkononi mwa mtu. Yeye hakunicheka. Akapiga jeki nyuma pande zote mbili, akaniambia niingize gia, kisha akazungusha gurudumu la kulia kwa mikono. La kushoto likageuka kinyume, jepesi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Difu ya kubana ina sahani ndani zinazokamatana ili gurudumu moja lisizunguke peke yake likikosa ardhi, na matairi yasipolingana sahani hizo zinasuguana muda wote mpaka zinakwisha. Yangu haikuwa nazo. Mdogo wangu akasema alhamdulillahi kwa sauti.

Dawa yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa. Tairi kubwa la mbele kushoto likaenda nyuma, mguu mfupi ukaja mbele, habu zikafunguliwa. Nyuma kukawa na mapacha, nako ndiko nguvu ya injini inakokwenda. Mbele, habu zikiwa huru, kila gurudumu linajizungukia tu na hakuna jino lolote linaloumia. Kinachobaki ni breki: ukikanyaga, usukani unavuta kuelekea kwenye tairi dogo, kwa hiyo unashika imara na unakwenda polepole. Nilisimama pale nikijiuliza nimeendesha magari miaka mingapi bila kuambiwa jambo hili, nikahuzunika, maana kule porini nilikuwa na jeki, nilikuwa na muda, na ningeweza kulifanya mwenyewe.

Lakini fundi alikuwa anaangalia mbali kuliko mimi.

"Na hili likipasuka?"

Kweli, ukishafunga la akiba huna tena la akiba. Akaingia kwenye kontena, akatoka akisukuma 7.50R16 kwenye rimu yake ya chuma, nati tano kama zangu. Saizi hiyo utaikuta kila mahali huku, kwa sababu magari mengi ya kazi yanaitumia, wakati 285 hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo. Kipenyo chake ni karibu sentimita 80, kwa hiyo lilikuwa karibu zaidi na makubwa yangu kuliko lile dogo. Likafungwa mbele, na mguu mfupi ukarudi chini ya bodi.

"Nikuachie kiasi gani, mzee?"

"Niachie lako lililochanika na rimu yake. Ukirudi, tunabadilishana." Akachukua namba ya simu ya shemeji, basi.

Kaabong tulifika jua linazama. Dada alilia, watoto wakamning'inia mjomba wao mdogo, vyerehani vikashushwa kabla ya chai. Shemeji siku ileile akampigia rafiki yake wa Mbale atutafutie 285/75R16 moja na kuipakia kwenye basi la Kotido.

Wakati tunasubiri, shemeji akatupeleka Kidepo, hifadhi ya kilomita za mraba 1,442 inayopakana na Sudan Kusini. Bonde la Narus lilikuwa na nyati wengi kiasi kwamba upepo wenyewe ulinuka zizi. Ila mimi nilikuwa nausubiri Mto Kidepo. Kiangazi hauna maji, ni mchanga mweupe mpana na mivumo imesimama kingoni kama nguzo. Nikashusha upepo hadi pauni 18 kila tairi, nikafunga habu, nikaingiza fowili. Kwenye mchanga ule lile 7.50 liliteleza palipohitajika na usukani ukabaki mwepesi mkononi. Tulipopanda ukingo wa pili nilisimama papo hapo, nikatoa fowili, nikashuka kufungua habu kabla ya ardhi ngumu. Fimbo ilitoka kwa kidole kimoja.

Siku ya nane tulirudi Kotido. Tairi kutoka Mbale lilikuwa limeshavishwa kwenye rimu yangu, limeegemezwa kwenye mti. Si jipya, lakini kashata zake zilikuwa hai. Fundi akachukua 7.50 yake, akalirudisha kwenye kontena, kisha bila kuombwa akalala chini ya gari na kufungua nati ya kujazia oili ya difu. Nilimfuata kule chini.

Akaingiza kidole, akakitoa kimelowa hadi pingili ya pili. Akasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kisha akasogeza mkono hadi mwanga wa jua ulipopenya. Oili ilikuwa nyeusi. Akainusa, akanipa nami ninuse. Nilipoisugua sikuhisi chembe ya chuma, ila nilipoigeuza juani niliona vumbi jembamba la fedha likimetameta kwenye mikunjo ya ngozi.

"Limeanza kula," alisema, "lakini halijala sana. Tunamwaga hii."

Nikatambaa kutoka chini kwenda kumletea dumu.