Krediti zimepita zote!

Jamani barua ya chuo kikuu ninachohamia imeingia leo, krediti (pointi za kozi) 60 na kitu za komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili, hapa Maryland, Marekani, zimepokelewa zote, yani naanza digrii ya ualimu mwaka wa tatu moja kwa moja. Kilichonibeba ni AAT, ile associate (digrii ya miaka miwili) ya walimu, ukiwa na GPA (wastani wa alama) inayotakiwa vyuo vikuu vya serikali hapa wanaipokea nzima nzima. Rafiki yangu ana AAS, associate ya kuingia kazini, ya malezi ya watoto, yeye wamemkatia kozi kibao eti za ufundi na ada alishalipa, inauma kweli. Mwambieni advaiza, mshauri wa masomo, awaandikie kwenye imeili kozi ipi inahesabika kwenye ualimu wenyewe na ipi inaangukia tu kwenye za hiari, ya mdomo hayasaidii. Sasa nisake gari, shule za fildi, za mazoezi ya kufundisha, ziko mbali na basi hazifiki 😅