Voisi ya babu na zile dakika 18 na nusu za Nixon

Mwezi uliopita shangazi alinitumia voisi ya sekunde 41, ni babu anaongea, marehemu babu, anataja kiwanja na nani apewe. Chini yake akaandika, mwanangu we si ndo unashinda studio, hebu isikilize hiyo, ni baba kweli au wamemtengeneza? Ilikua imezunguka grupu la ukoo siku mbili, watu washagombana, wengine washaapa ni sauti yake kabisa na wengine wanasema ni AI.

Nilivaa hedifoni nikaisikiliza labda mara thelathini. Sauti ni ya babu, kile kikohozi ni chake, lakini hicho sio kitu cha kumwambia mtu kama ushahidi, maana sikio linasikia linachokitaka hasa kama umempenda mtu. Kwaiyo nikaacha maneno nikaanza kusikiliza nyuma ya maneno. Kulikua na jenereta, nadhani ya jirani, inanguruma muda wote. Nikaifungua kwenye programu inayoonyesha sauti kama picha, ule mngurumo unatokea kama mistari iliyolala chini, imenyooka vizuri tu, alafu katikati ya neno "kiwanja" na "nimempa" mistari yote inakatika kwa pamoja na kuanza upya palepale ikiwa imeruka kidogo. Kwa sikio husikii chochote. Kwa macho inaonekana kama kitambaa kilichokatwa kikashonwa.

Hapo mtu anatamani kupiga kelele wameikata! Lakini ngoja. WhatsApp tangu 2022 inaruhusu kupozi voisi ukiwa unarekodi na kuendelea baadae, na mzee wa miaka 80 kuomba maji katikati ya maneno ni kitu cha kawaida kabisa. Mkato unaonekana, sababu ya mkato haionekani.

Ndo nikakumbuka ile kesi ambayo kila anaefanya kazi ya kukagua rekodi lazima aijue. Juni 20, 1972, siku tatu baada ya watu kukamatwa wakiwa wamevunja na kuingia ofisi za chama pinzani cha Democratic kwenye jengo la Watergate, rais Nixon wa Marekani alikaa na mkuu wa wafanyakazi wake, H.R. Haldeman, na mazungumzo yakanaswa kwenye tepu za White House, yani ikulu yao. Tepu ilipokuja kutakiwa mahakamani dakika 18 na nusu hazipo, kuna mvumo tu bzzzz. Katibu wake Rose Mary Woods, aliekua anaiandika ile tepu kwa mashine inayoendeshwa na pedali ya mguu, akasema huenda ni yeye, aligeuka kupokea simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya huku mguu ukiwa bado kwenye pedali, ila ni kama dakika tano tu.

Jaji wa kesi hiyo, John Sirica, akakubali jopo la wataalamu sita. Na hiki ndo napenda watu wakielewe, hawakukaa kubahatisha maneno yaliyofutika. Walipaka kwenye tepu kimiminika chenye chembechembe za sumaku ili alama zionekane kwa macho, kwasababu mashine ya tepu kila ikiacha kurekodi vile vichwa vyake vya kufutia na kurekodia vinaacha chapa ndogo sana zenye umbo la kichwa chenyewe. Wakazihesabu. Mwaka 1974 wakasema imefutwa na kurekodiwa juu yake kwa vipande visivyopungua vitano, alama zinaendana na mashine ya Uher 5000, ile aliyokua akiitumia Woods, na vitufe vilibonyezwa kwa mkono, pedali peke yake haiwezi kuacha alama zile. Yaani ile hadithi ya bahati mbaya ya mara moja ikawa ngumu kusimama. Lakini mkono wa nani? Hawakusema, na mpaka leo haijajulikana.

Ata umeme wenyewe ni shahidi. Umeme wetu huku ni hezi 50, yani unapiga mawimbi 50 kwa sekunde, ila haukai 50 kamili, unapanda na kushuka kidogokidogo kila sekunde, na rekodi nyingi zinanasa mvumo huo bila mtu kujua. Polisi wa London wamekua wakiurekodi mvumo wa gridi yao, yani mtandao wa umeme wa nchi, mfululizo tangu 2005 ili rekodi ikija waulinganishe wajue ilirekodiwa saa ngapi na kama imeunganishwa. Kwenye voisi ya babu hiyo isingenisaidia, jenereta haifuati gridi.

Nilichomjibu shangazi ni hivi. Nikamwambia shangazi shikamoo, sauti inaelekea ni ya babu, kuna sehemu imesimama ikaendelea, sijui ni yeye alieisimamisha au ni mtu mwingine, na kwa hii iliyofowadiwa siwezi kusema zaidi ya hapo. Nikamuomba simu iliyorekodi kwanza, simu yenyewe, sio faili lililotumwa tena, na asiruhusu mtu aifomati wala kufuta chati hata moja, kwasababu kule ndani faili la mwanzo lina jina lake linaloanza na PTT na tarehe, na kama alirekodi mara mbili huenda ile nyingine bado ipo.

Jana amenipigia. Simu iko kwa mtoto wa baba mdogo, kioo kimepasuka ila inawaka. Jumamosi naenda kuichukua.