Daftari, kufuli na mdomo wazi: nilivyodhibiti dawa gerezani

Nilikuwa na wiki tatu tu katika zahanati ya gereza nilipoamua kuhesabu vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza, bila sababu nyingine zaidi ya mchana uliokuwa kimya. Leja ilisema 60. Kwenye kopo nikakuta 46. Nikavimwaga tena kwenye kisahani, nikavipanga kumi kumi, vikawa 46 vilevile. Kilichonitoa jasho si upungufu wenyewe. Siku ya makabidhiano nilikuwa nimeweka sahihi kwamba nimepokea 60, na sikuwa nimehesabu hata kimoja. Kwa maandishi, mwizi nilikuwa mimi.

Kabla ya kupelekwa magereza nilikuwa muuguzi wa wodini, na huko vidonge 14 vikipotea watu huguna, huandika maelezo, mambo yakaendelea. Ndani ya ukuta kidonge ni fedha. Kinalipa deni la sigara, kinanunua sehemu nzuri ya kulala, kinamtuliza mbabe wa selo. Tena si diazepamu na tramadoli, ile ya maumivu makali, pekee kama nilivyodhani. Triheksifenidili, ambayo wagonjwa wa akili hupewa ili dawa zao zisiwakakamaze misuli, ina wanunuzi. Gabapentini, dawa ya kifafa na ya maumivu ya neva, inao. Kwetiapini, nayo ya wagonjwa wa akili, huuzwa kama usingizi. Mfungwa akiniomba dawa kwa jina na kwa miligramu, nilianza kutega sikio. Baadaye nikajirudi, kwa sababu wapo wanaozitaja miligramu kwa kuwa wameishi na ugonjwa miaka kumi, na kumshuku mtu wa namna hiyo ni kosa baya kuliko kudanganywa.

Nilianza kwa kuwashuku wafungwa wanaofanya usafi zahanati. Nikakaa na karatasi za zamu za usiku jioni mbili nzima, na pale nikakuta vidonge vinane: mahabusu mmoja mlevi aliyeingia akitetemeka, mwenzangu wa zamu akampa diazepamu kama inavyotakiwa, akaandika kwenye faili la mgonjwa, akasahau leja. Dozi zilikuwa sahihi kabisa. Pengine ndizo zilizomwokoa, maana mtu aliyezoea pombe nyingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwenyewe kukaja baada ya hapo, wakati kila mtu ameshadhani kwamba hatari imepita. Vidonge sita vilivyobaki sikuviona tena. Nikaandika hivyo, “vidonge sita havijulikani vilipo”, nikampelekea mkuu wangu wa kazi, nikasubiri kufokewa. Nilifokewa.

Mabadiliko ya stoo yalikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Dawa zenye soko zikahamia kabati la chuma lenye kufuli mbili, funguo mbili kwa watu wawili. Kila dawa ikapata ukurasa wake. Kila zamu inapobadilishana, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja, wote wawili wakitazama kisahani kimoja, ndipo wanaweka sahihi. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika sahihi yako pembeni. Kidonge kikidondoka sakafuni hakitupwi kimyakimya. Shahidi anakiona, kinaharibiwa, kinaandikwa. Wenzangu walilalamika kwamba tunapoteza dakika kumi. Ni kweli, tulizipoteza.

Ugumu ulikuja kwenye funguo. Askari wa zamu ya usiku alitaka awe nazo, kwa nia njema tu: “Mtu akizidiwa saa nane usiku, nikufuate nyumbani kwako?” Swali lake lilikuwa la haki. Lakini askari akishakuwa na ufunguo wa dawa, siku moja ataombwa kumpa mtu “cha kumtuliza” kwa sababu anapiga kelele, na hilo si tiba tena. Kanuni za Mandela, za jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 27 kwamba uamuzi wa kitabibu hufanywa na wahudumu wa afya peke yao, na watumishi wengine wa gereza hawaruhusiwi kuutengua wala kuupuuza. Nilimpelekea mkuu wa gereza ukurasa huo. Tukakubaliana hivi: funguo zisitoke mikononi mwa wahudumu, na kuwe na mmoja wetu wa kuitwa kila usiku. Maana yake usingizi wangu ulipungua, na afande yule hakuacha kunikumbusha, “Si ulitaka mwenyewe?”

Sasa dirisha la dawa. Mwanzoni niliuliza, “Wewe ndiye fulani?” na kila mtu aliitikia ndiyo. Mmoja alimeza dawa ya presha ya mwenzake aliyelala selo, kisa alidhani ni ya maumivu. Tangu siku ile simtajii mtu jina lake. Anataja yeye, pamoja na namba, nami nalinganisha na picha iliyobandikwa kwenye kadi. Dawa inatoka kwenye kopo lake mbele ya macho yake, si kwenye vikombe vilivyopangwa tangu alfajiri bila majina. Anameza, anakunywa maji kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, anafungua mdomo, anainua ulimi, anavuta shavu kwa kidole. Halafu namuuliza jambo lolote, amelalaje, kesi yake lini. Hapo ndipo wengi huumbuka. Mwenye kidonge shavuni huongea kama mtu anayeumwa jino.

Kuna ujanja mmoja nilioupenda kupita kiasi: kusaga. Kidonge kikisagwa na kukorogwa kwenye maji hakifichiki, basi tukawa tunasaga karibu kila kitu. Asubuhi moja mzee wa presha alimeza maji yake, akaenda hatua chache, akakaa chini kwenye korido akiwa ameloa jasho. Presha yake ilikuwa imeporomoka. Tulikuwa tumemsagia nifedipini ya kutoka taratibu, ile iliyotengenezwa ili iachie dawa kidogokidogo kwa saa nyingi, na kwa kuisaga tukampa yote kwa mkupuo. Tulimlaza, tukainua miguu, tukakaa naye mpaka alipopata nafuu. Akasema, “Daktari, leo dawa ilikuwa kali.” Sikuwa na jibu la kumpa. Mchana huohuo nilibandika ukutani orodha ya dawa zisizosagwa, nikamwomba radhi, nikaandika tukio kama lilivyotokea, pamoja na mikono iliyosaga, ambayo ilikuwa yangu.

Lakini aliyenibadilisha kweli ni kijana mmoja wa kifafa. Alikuwa kwenye fenobabitoni, anameza mbele yetu, na bado akaanguka mara tatu ndani ya mwezi. Fenobabitoni ikikatishwa ghafla, yenyewe tu inaleta degedege, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba dawa haikai tumboni. Kila mtu alijua jibu: anauza. Askari alitaka apelekwe selo ya adhabu. Nilimwita peke yake kwa kisingizio cha kumpima, nikafunga mlango, nikamuuliza. Alinyamaza muda mrefu akitazama miguu yake. “Wananisubiri nje ya mlango,” akasema. “Nikishameza wananishika shingo mpaka nitapike.” Walikuwa wakikiosha kidonge na kukiuza.

Kama angeadhibiwa, angepigwa na pande zote mbili. Tukafanya jambo dogo. Tukampangia aje wa mwisho, akae benchi la zahanati zaidi ya nusu saa baada ya kumeza, na ili asionekane peke yake tukawakalisha watu wengine watano pamoja naye, wa kupimwa presha na kusafishwa vidonda. Hakuna aliyeuliza. Mwezi uliofuata hakuanguka hata mara moja. Na nikaacha kulitaja lile zoezi la kufungua mdomo kama ukaguzi.

Si kila dawa ilifungiwa, na hapo tulibishana sana na askari. Pumu haingoji funguo. Dawa ya kuvuta ya salbutamoli inakaa mfukoni mwa mgonjwa, mchana na usiku, hata aliye selo ya adhabu. Wanaotumia ARV, kuwapanga dirishani kila siku ni kuwatangaza, basi waliotulia walipewa za mwezi pamoja na dawa za presha na za sukari, nasi tukawa tunapita kuhesabu bila taarifa. Wa kifua kikuu wao walimeza mbele yetu miezi yote sita. Siku ya kwanza niliwaambia mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, baada ya mmoja kuacha dawa akiamini anakojoa damu.

Ratiba ya gereza nayo ni ugonjwa wake. “Kutwa mara tatu” haipo mahali ambapo milango inafungwa saa kumi jioni. Nilimwomba daktari anayetutembelea abadilishe kila kinachoweza kubadilishwa kiwe mara moja au mbili. Nyingine hazikubali: mwenye HIV na kifua kikuu kwa pamoja anahitaji dolutegraviri, dawa yake ya HIV, mara mbili kwa siku, maana rifampisini huipunguza nguvu, kwa hiyo dozi ya jioni ikawa inapelekwa selo na mmoja wetu akisindikizwa. Na insulini ya kabla ya chakula sichomi mpaka nione sufuria zimevuka geti. Niliwahi kuiamini saa, jikoni kuni zikawa mbichi, na nusu saa baadaye nilikuwa namlambisha mtu sukari sakafuni.

Wageni, yaani wafungwa na mahabusu wapya, tuliwashughulikia usiku uleule wa kuingia. Dawa zao huchukuliwa wakati wa upekuzi na kufungiwa stoo ya mali pamoja na mkanda na simu, na zamani zilikaa huko mpaka mtu atoke. Nikaanza kwenda stoo ya mali kila jioni kabla ya kurudi nyumbani, nasoma pakiti, napiga simu kliniki wanakotibiwa, hasa kwa wanaotumia methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, ambao hatuwezi kukisia dozi yao.

Mahakama ndiyo iliyotushinda muda mrefu. Basi linaondoka kabla dirisha halijafunguliwa, na hakimu anaweza kumwachia mtu papo hapo, akaenda zake bila hata kidonge kimoja. Siku hizi ofisi inanipa orodha jioni ya kuamkia safari. Naandaa bahasha ya kila mgonjwa: dozi za siku saba, na karatasi inayosema anatumia nini na kwa nini, ambayo kliniki yoyote itaweza kuisoma. Askari wa msafara anaisainia. Akiachiwa, anapewa. Akirudishwa, bahasha inarudi.

Wiki iliyopita bahasha ilirudi, mtu hakurudi. Alikuwa yule kijana wa kifafa. “Alivyosikia yuko huru, alikimbia,” afande akasema. “Nilimwita, hakugeuka.” Tulivimwaga vidonge kwenye kisahani: saba. Tukaandika vimerudi saba, tukasaini wote wawili. Kisha nikafungua faili lake, nikapiga namba ya dada yake.

“Yuko hapa,” dada akasema. “Anaoga.”

Nikamwambia dawa yake ya usiku iko mezani kwangu, na kwamba nitakuwa getini mpaka afike.